Karatasi Zilizorudi Safi

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka huwa naweka kalamu chini. Nakumbuka jua la Thika likiingia kwa dirisha la upande wa barabara, nakumbuka harufu ya chakula cha kuku ikipanda kutoka duka la chini, na nakumbuka mtu mmoja akinitazama kwa furaha kwa sababu nilikuwa nimemwambia kazi yake ina kasoro. Sijaona tena mtu akifurahia habari mbaya namna ile. Keti nikueleze. Jambo hili lina ufundi ndani yake, nami nitalifungua polepole ili lisikupite.

Nilikuwa msichana, nimepanga chumba Kiuu, na kila asubuhi nikienda Thika kufanya kazi kwa Gitau. Gitau alikuwa na karakana ya kompyuta kwenye ghorofa ya juu ya duka hilo la chakula cha kuku: vyumba viwili, printa moja yenye kelele, na laini moja ya simu ambayo kwayo tulituma barua pepe kabla watu wengi hawajajua neno lenyewe. Mteja wetu mkubwa alikuwa chuo kimoja cha ufundi huko Ruiru. Chuo hicho kilikuwa na kompyuta nyingi zisizo na diski za maana. Faili zote za wanafunzi ziliwekwa kwenye mashine moja kubwa, na kompyuta nyingine zikazisoma kupitia nyaya za mtandao, kana kwamba ziko ndani yake. Huo ndio mfumo wa faili wa mtandao. Ukiuelewa hivyo, umeelewa vya kutosha.

Shida ilikuwa diski zenyewe. Zilikuwa mitumba. Zililetwa kutoka ng'ambo kwa makontena, hii ya kampuni ile, hii ya kampuni nyingine, nazo zilikuwa zikifa kama vifaranga kwenye baridi. Diski ikifa, mashine kubwa ilizimwa, na chuo kizima kikakaa mikono kifuani.

Mtu aliyeitafutia dawa shida hiyo aliitwa Mutua. Alizaliwa Gatuanyaga, alisoma na Gitau shule moja ya bweni, na ndiye aliyekuwa mjuzi kuliko sisi sote pale. Ndani ya kompyuta, mwanangu, kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, inayogawa kumbukumbu na kuamua nani afanye nini. Hicho ni kiini. Kiini peke yake hakijui kuongea na kila aina ya diski. Kinahitaji kipande kidogo cha kukifundisha, ambacho tunakiita kiendeshi. Mutua alikuwa ameandika njia ya kuvichomeka viendeshi hivyo kwenye mfumo wa faili wa mtandao, na kuvichomoa, mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Diski imekufa? Unachomoa kiendeshi chake, unachomeka kingine, na mwanafunzi darasani hata hajui.

Tulikuwa na desturi yetu ya kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mwandishi alichapa kazi yake kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, tukaitandika juu ya meza ya kazi. Msomaji aliketi upande mmoja na penseli, mwandishi upande wa pili. Mwandishi alikatazwa kueleza lolote. Msomaji ndiye aliyesema kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mstari unafanya nini: hapa unaomba nafasi, hapa unaandika, hapa unarudisha. Mwandishi alisikiliza tu. Akisikia kitu ambacho hakukikusudia, alijua amekosea bila kuambiwa. Gitau ndiye aliyeanzisha mtindo huo, kwa sababu alisema Kiingereza cha kompyuta kinakuruhusu kutikisa kichwa bila kuelewa, lakini Kiswahili kitakuumbua.

Siku hiyo ninayokuambia, nilikuwa na majuma machache tu pale, na Gitau alikuwa na haraka ya kwenda Ruiru. Karatasi za Mutua zilikuwa mezani. Mutua akasema, kwa nini huyu mgeni asinisomee? Gitau akasita, kisha akasema haya, lakini afanye upesi. Nikaketi.

Nilisoma nikaenda, nikafika kwenye sehemu ya kufungua faili. Nikasema, "Hapa unaingia. Hapa unauliza kitu kupitia mtandao, na unalala ukingoja jibu. Hapa umeamka, na sasa ndio unaongeza hesabu ya watumiaji." Nikarudi nyuma mistari kadhaa. Kisha nikauliza, "Na ukichomolewa ukiwa umelala?"

Ngoja nikufafanulie, maana hapa ndipo kwenye moyo wa jambo. Kiendeshi hakiruhusiwi kuchomolewa wakati kuna anayekitumia. Kwa hiyo huwekwa hesabu: anayeanza kukitumia anaipandisha, anayemaliza anaishusha, na ikifika sifuri njia ni nyeupe, chomoa. Lakini Mutua aliweka kuhesabu ndani ya kiendeshi chenyewe, tena baada ya kungoja jibu la mtandao. Fikiria vyumba vya kupanga vya Kiuu. Umepatana na mwangalizi wa ploti ya vyumba hivyo, umepewa ufunguo, umeingia chumbani, ukapitiwa na usingizi kabla jina lako halijaandikwa. Mwenye ploti anapita na mafundi, anauliza chumba kile kina mtu, anaambiwa hakuna. Wanabomoa. Utakapoamka, utaweka mguu chini wapi? Kiini nacho kikiamka ndani ya kiendeshi kisichokuwepo, hakina pa kukanyaga. Mashine nzima inaanguka, na faili za watu zilizokuwa njiani zinaanguka nayo.

Hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja. Mutua aliinua uso, na ndipo nilipoiona ile furaha niliyokuambia. Lakini Gitau alikuwa ameshanishika kiwiko.

"Halima, hebu tutoke nje kidogo."

Kwenye ngazi akashusha sauti. "Wewe huna macho? Huoni vile amekonda?"

Nikamwambia nilisikia ni kifua.

"Si kifua. Ni haya maneno ya siku hizi." Hakulitaja jina, na miaka ile hakuna aliyelitaja. "Daktari hajampatia muda mrefu. Sisi hapa tulikubaliana hakuna kumsumbua. Akileta karatasi unasema iko sawa, unaweka alama yako, basi. Mwache mtu aende na roho imetulia."

Nikauliza, na chuo cha Ruiru kikiangukiwa na mashine? Akasema hiyo ataitengeneza mwenyewe polepole, Mutua akishaenda. Usimdharau Gitau, mwanangu. Alikuwa na machozi. Mtu aliyefanya kazi na mwenzake tangu wakiwa na kaptura za shule, akaona kikombe chake cha chai kimeanza kuoshwa kando kwa woga wa ugonjwa, alitafuta kitu kimoja cha wema cha kumpa, akapata hicho.

Niliporudi, Mutua alikuwa ameketi vilevile, mikono juu ya karatasi.

"Amekuambia," akasema.

"Ameniambia."

"Na wewe sasa utaanza?"

Niliketi upande wangu wa meza. Akavuta droo akatoa furushi la karatasi za zamani, akanionyesha. Zilikuwa zimejaa wino mwekundu hadi pembeni. "Huyu Gitau alikuwa akinirudishia karatasi unafikiri zimetoka kwa bucha. Tumegombana hapa mpaka watu wa chakula cha kuku wakapanda juu kutuamua. Halafu siku moja zikarudi safi. Nikasema, ai, kumbe nimekuwa mjuzi. Wiki iliyofuata, safi tena. Iliyofuata, safi. Nikaenda nikajiangalia kwa kioo." Akazirudisha droo. "Hivyo ndivyo nilijua ninakufa, Halima. Hospitali walikuja kuniambia baadaye kitu nilikuwa nimeshasoma."

Kisha akaisukuma penseli kuelekea upande wangu. "Kama utanisomea, nisomee kama mtu atakuwa hapa mwaka ujao. Kama huwezi, hakuna ubaya. Acha penseli hapo, uende unywe chai."

Hayo ndiyo makemeo niliyopewa ujanani, na sijapewa mengine makali kuliko hayo, ingawa yalisemwa kwa sauti ya kumwomba mtu chumvi. Wazee husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi siku hiyo nilijifunza kwamba hata mtu mzima, hata mgonjwa, ana haki ya kulizwa na kazi yake. Nikachukua penseli.

Sasa nikuambie alitaka nini, maana usipojua hilo utadhani tulikuwa tukicheza. Kiini kile tulichokitumia hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kiliandikwa na watu waliotapakaa duniani, wasiojuana kwa sura, waliotumiana vipande kwa barua pepe. Yeyote aliruhusiwa kukisoma, na yeyote aliruhusiwa kuomba kipande chake kiingizwe. Kikikubaliwa, kinakuwa cha wote. Kiini kikibadilika, wenye kukibadilisha wanakirekebisha na hicho. Kisipokubaliwa, kinabaki nje mlangoni, na kiini hubadilika kila baada ya miezi, na kila kikibadilika mwenyewe lazima akae chini akilinganishe upya. Kipande cha nje kina uhai wa mwenyewe tu. Mutua aliyajua hayo kuliko mimi. "Ikibaki nje," alisema, "itanifuata kaburini kabla majani hayajaota." Alitaka iingie. Kitu kingine hakuomba, wala hakuzungumzia.

Tulikubaliana dawa mapema. Anayehesabiwa asijihesabu mwenyewe akiwa ameshaingia; mlinzi wa mlango, yaani kiini, amhesabu kabla hajavuka kizingiti. Kusema ni rahisi. Lakini maana yake ilikuwa kubadilisha makubaliano kati ya kiini na viendeshi vyote, si hiki kimoja, na kila mahali palipofunguliwa mlango paandikwe upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa na ukuta wa kujenga na fundi ambaye pumzi yake iliishia katikati ya ngazi.

Ikafika wakati hakuweza tena kuzipanda. Akarudi kwao Gatuanyaga, kwa mkewe Syombua. Kila Jumamosi nilikuwa nikienda na karatasi nimezifunga kwa mpira. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na ukifika huko unajikung'uta kama gunia. Syombua aliniwekea stuli kando ya kitanda, akawafukuza mbuzi mlangoni, na tukafanya desturi yetu ileile: mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anasikiliza amefumba macho. Umeme haukuwepo. Nilichoandika kwa penseli Jumamosi nilikiingiza kwenye mashine Jumatatu, nikakijaribu, nikarudi na maswali. Majirani walimwuliza Syombua huyu dada wa Kiislamu anamsomea mgonjwa kitu gani, wakidhani labda ni dua. Akawaambia, "Anamgombeza." Mutua alicheka hadi akakohoa, na ikabidi tusubiri.

Alikuwa mkali. Nikimpa sifa ananikatiza. Siku moja nilisema sehemu fulani imekaa vizuri, akafumbua jicho moja akasema, "Vizuri ni ya harusi. Niambie kama inashikilia."

Wakati tukijenga hivyo, Gitau alikuwa na hesabu zake za moyoni. Kila juma aliniuliza imefika wapi, na kila juma nikamjibu bado. Aliona siku zinayeyuka. Mwishowe, bila kuniambia wala kumwambia Mutua, alichukua ile kazi ya zamani, yenye kasoro, akaituma kwa watu wa ng'ambo chini ya jina la Mutua. Aliniambia baadaye alivyofikiri: wataipokea, jibu litafika, atamsomea rafiki yake akiwa bado anasikia, kasoro tutairekebisha kwa utaratibu. Hata mimi nikimsikiliza sikuona ubaya wa nia yake mahali popote. Nia ilikuwa asali tupu.

Lakini wale watu hawakujua kwamba Mutua ni mgonjwa, mwanangu. Waliisoma kama wanavyosoma kazi ya mtu yeyote. Mmoja wao aliichomeka kwenye mashine yake mwenyewe, akaichomoa wakati faili zinasomwa, mashine ikaanguka, naye akapoteza kazi yake ya asubuhi nzima. Jibu lake lilikuwa fupi. Alitaja mahali penyewe, mstari uleule, akasema mwandishi asitume kitu ambacho hajakijaribu, na asiwapotezee watu muda.

Gitau alinikabidhi jibu hilo limechapwa, hakuweza kunitazama. Akasema mpelekee au usimpelekee, wewe ndiye unajua. Nilizungushazungusha karatasi ile kwenye mkoba wangu tangu Kiuu hadi Thika, tangu Thika hadi Gatuanyaga. Nilipofika nilimsomea yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, hata lile la kupotezeana muda.

Alisikiliza amefumba macho hadi mwisho. Kisha akasema, "Wamesoma. Angalau kuna mtu amesoma." Baada ya muda akauliza ni nani aliyeituma, nami nikamwambia. Hakukasirika. Alitazama paa la mabati, akasema, "Gitau ni ndugu yangu. Alitaka kunipa zawadi. Amenipa jeneza lililopakwa vanishi." Halafu akanyoosha mkono. "Lete karatasi za leo."

Tukaendelea. Sasa tulijua kwamba tukirudi kugonga mlango ule tutagonga tukiwa watu waliokwisha kuangusha mashine ya mwenye nyumba. Kwa hiyo ilibidi kazi iwe kamili, isiwe na hata tundu la sindano. Na ilikuwa inakamilika, nakuapia. Hesabu ilihamia mlangoni. Niliichomeka na kuichomoa pale karakanani huku kompyuta za pembeni zikisoma na kuandika, nikafanya hivyo mpaka vidole vikauma, na mashine ikasimama.

Likabaki swali moja. Kama diski imekufa kabisa, na kuna mtu amelala ndani akingoja jibu ambalo halitakuja kamwe, hesabu yake haitashuka kamwe. Basi kiendeshi hakitachomoleka milele, na maana yote ya kazi ile imepotea. Nani atamwamsha yule aliyelala, na atamwambia nini? Nililiona swali hilo Ijumaa. Nililizungusha kichwani mpaka asubuhi, sikupata jibu. Nikaenda nalo Gatuanyaga.

Syombua alinipokea nje. Akaniambia mumewe hajala tangu juzi, lakini ameuliza mara nyingi kama leo ni Jumamosi. Nikaingia. Mutua alikuwa mdogo kitandani kama nguo zilizoachwa hapo. Akauliza, "Umekuja na nini?"

Sikumbembeleza. Nilimweleza swali lote, nikamwuliza nani anamwamsha. Nikaona macho yake yakiamka, yakatembea huku na huku kama mtu anayepitia vyumba vya nyumba yake gizani na anajua kila kiti kilipo. Akatabasamu.

"Hiyo ni rahisi," akasema. "Ukishaona kwamba anayengoja na anayehesabu si lazima wawe..."

Pumzi ikakatika. Akakohoa. Syombua akamwinua, akampa maji, akamlaza. Akajaribu tena, "si lazima wawe," na usingizi ukamchukua. Niliketi pale na penseli hadi jua likaegemea upande wa pili. Aliamka mara moja akamwita mkewe kwa Kikamba, akalala tena. Nikaondoka ili nisilikose gari la mwisho la kurudi. Alikufa katikati ya juma.

Mwanangu, nimekaa na nusu sentensi ile maisha yangu yote. Nimeimalizia kwa namna nyingi, na kila namna nimeona ina tundu. Anayengoja na anayehesabu si lazima wawe nini? Wamoja? Wa upande mmoja? Watu wananiambia nisijisumbue, siku hizi yako majibu mengi ya swali hilo. Yapo, nimeyasoma. Lakini lake silo lolote kati ya hayo, maana yeye alisema ni rahisi, na hayo hakuna lililo rahisi.

Mazishini Gitau alisimama kuwaambia watu wa kwao Mutua alikuwa nani. Alieleza vizuri, na mwishowe akasema kwamba katika miaka yote hajawahi kuona kasoro kwenye kazi ya mtu huyu. Waombolezaji wakaitikia. Alipotoka mbele akaja kusimama kando yangu, karibu na ua wa miiba, akaniambia polepole, "Hiyo ndiyo 'iko sawa' yangu ya mwisho." Kisha akasema, "Ningemrudishia nyekundu, Halima. Hata moja tu." Nilimshika mkono.

Tuliituma kazi. Niliandika juu yake, wazi, kwamba mwandishi amefariki, kwamba kasoro ya kwanza imeondolewa, na kwamba kuna swali moja tusiloweza kulijibu, nikalieleza. Tukangoja. Kila asubuhi Gitau aliwasha laini ya simu kabla hata ya kuvua koti. Hakuna aliyejibu. Sidhani walitudharau. Nadhani waliona jina lilelile la mtu aliyewaangushia mashine, wakapita, kama wewe unavyopita duka lililokuuzia maziwa mabovu. Nikatuma tena. Kimya. Tulipoendelea kuuliza, kiini kikabadilika, na kazi yetu haikuingia tena kwenye tundu lake hata kwa majaribio.

Nilijitahidi kuilinganisha. Mara ya kwanza niliweza. Mara ya pili niliweza kwa taabu, huku nikikisia maana ya mistari ambayo mwenyewe angenieleza kwa sentensi moja. Mara ya tatu sikuweza. Chuo cha Ruiru kikanunua mashine nyingine yenye programu za kununua, na diski za mitumba zikaenda kwa watu wa vyuma vikuukuu. Baada ya miaka kadhaa, wale watu wa ng'ambo walihamishia hesabu ya viendeshi vyao mlangoni, vilevile kama tulivyofanya kando ya kitanda kile. Walifika wenyewe, kwa njia yao. Jina la Mutua halimo, na hakuna sababu liwemo, kwa kuwa ile kazi ya mlangoni hawakuwahi kuisoma.

Sikukusimulia haya ili nikuonyeshe kwamba mwishowe mambo hukaa vyema. Hayakukaa. Nilichukua penseli kama alivyoniomba, nilimsomea bila kumhurumia, nilifika kila Jumamosi, na bado kazi yake ilikufa muda si mrefu baada yake. Ukweli haukuiokoa. Nakuambia hivyo kwa sababu utakutana na wazee watakaokuahidi kwamba ukweli huokoa, nawe utaona haujaokoa, utautupa. Usiutupe. Katika miezi ile yote, kitu pekee alichokuwa nacho Mutua kilichofanana na afya kilikuwa ni saa zile za Jumamosi ambapo mtu alimwambia hapa umekosea, naye akajiinua kwa kiwiko kubisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikukabidhi kazi yake uisome, amekukabidhi mlango wa ndani kabisa alio nao. Usipite mbele yake ukipiga hodi ya uongo. Isome yote. Sema kwa lugha ya kwenu ulichokiona, maana lugha ya kuazima huficha uvivu. Ukiona kasoro, itaje mapema, ukiwa umeketi naye, si kwenye ngazi na watu wengine. Kama ni mkubwa wako, mpe heshima yake kwa jinsi unavyomwita na unavyoketi, lakini usimpe heshima ya kumwacha na kosa. Kama ni mgonjwa, au amefiwa, au amechoka, mwulize yeye mwenyewe anataka nini. Wagonjwa wengi wamezikwa na wenye huruma kabla ya siku zao. Na wewe unayeandika: karatasi zako zikianza kurudi safi, usifurahi upesi. Nenda ukaulize kwa nini. Halafu, kwa kuwa sote tunaazima pumzi, usijenge kitu ambacho wewe peke yako ndiye unayekijua. Weka mtu kando yako. Mweleze lililo rahisi leo, kwa sababu hilo lililo rahisi ndilo tunalodhani litangoja, na ndilo linalopotea.

Nenda mwanangu. Mungu akulindie macho na subira. Akupe msomaji asiyekuogopa wala kukuhurumia, na akupe pumzi ya kutosha ya kumjibu.